Unamtafuta bata mwenye nyusi nyeupe? Achana na nyusi kwanza

Msomaji mmoja kaniandikia inboksi, ati kazunguka Ziwa Naivasha na boti asubuhi nzima akimtafuta yule bata mdogo mwenye nyusi nyeupe, Spatula querquedula, na hajaambulia kitu. Ulienda lini? Novemba. Basi hapo ndipo wengi wanapokwama.

Huyu bata ni mgeni. Anazaliana Ulaya na Asia, kuanzia Uingereza hadi mashariki ya mbali ya Urusi, na baridi ikikaribia karibu wote wanahama, wengine India, wengine wanashuka Afrika: delta ya Senegal, delta ya ndani ya mto Niger kule Mali, Ziwa Chad, vinamasi vya Sudd kule Sudan Kusini, na huku kwetu. Wanaanza kuingia Oktoba hivi. Sasa zile nyusi ni za dume peke yake, na dume akifika huku bado ana manyoya kama ya jike, mara nyingi mpaka Januari au Februari ndio anapendeza.

Mimi niliposti picha ya Novemba kwenye grupu moja, wakubwa wa grupu wakaniambia huyo ni yule bata mwenye mdomo mwekundu, nenda kasome. Mdomo mwekundu uko wapi jamani? Ulikuwa wa kijivu, mstari mweusi umepita jichoni na mwingine shavuni, na karibu na mdomo kuna doa jeupe. Alipopaa, mbele ya bawa palikuwa na kijivu cha kuelekea buluu, na hiyo dume mzima haipotezi hata akifanana na jike. Hakuna aliyenijibu mpaka leo, na picha iko palepale.

Kwa hiyo angalia uso na bawa, uso na bawa. Halafu shuka kwenye boti, huyu hapendi maji mengi ya wazi, anataka maji ya kina kifupi yenye majani, anachuja mbegu na wadudu juujuu. Ziwa Ol Bolossat kule Nyandarua ni pazuri, vinamasi vya Amboseli pia. Ukisikia mkwaruzo mkavu kama kucha kwenye meno ya kitana, huyo ni dume.

Na mpunguze haraka, mnataka picha ya kuposti hata hamjui ndege anakula nini! Soma, kaa chini, subiri. Machi ndio mwezi wenyewe, madume yamevaa nyusi zao na hayajaondoka bado. Ukisogeza mpaka Mei utakuta bata wakazi tu, na hao hata Agosti wapo.