Jibu: Mama anataka kuongelea kifo, wanamaombi wanamkatiza

Dada, umeuliza kama unakosea kumwacha mama aongelee kifo chake, wakati wanamaombi wanamwambia "usitamke hivyo, utapona". Hukosei. Mimi hutembelea wagonjwa huku Kadutu, mjini Bukavu, na nimeona mtu akinyamazishwa hivyo mpaka anageukia ukuta.

Zima redio, vuta kiti karibu na kitanda, muulize: "Mama, ni nini kinakulemea moyoni?" Kisha nyamaza, hata kama kimya kinakuchoma. Mara nyingi hatataja mbingu kabisa. Atataja deni la kitenge, au ndugu waliyegombana juu ya shamba. Huyo ndugu mwite mapema.

Cicely Saunders, daktari Mwingereza aliyefungua hospisi (nyumba ya kutunza wanaokaribia kufa) ya St Christopher's kule London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa ni ya mwili, ya moyo, ya jamaa na ya roho kwa pamoja. Basi dawa za maumivu zisikatizwe kwa sababu ya maombi (hili linaniudhi sana).

Wanamaombi usiwafukuze; waombe waimbe polepole wimbo anaoupenda, kisha wamwache mama apumzike.

Nawe tafuta rafiki mmoja atakayerudi matanga yakishaisha, viti vikisharudishwa. Hapo ndipo nyumba inakuwa nzito.