Wakongwe wa skiti, mgeni akija msimmalize kwa maelezo

Huu mchezo wetu wa skiti, wa kutungua visahani hewani kwa shotgani, huku nyanda za juu kusini mwa Tanzania ni wa watu wachache sana, na kila tukikutana lazima utasikia mkongwe mmoja analalamika eti vijana hawaji, risasi bei juu, mchezo unakufa. Mi nasema vijana wanakuja. Wanakuja mara moja. Ishu ni kwamba hawarudi, na ukikaa pembeni Jumamosi moja tu ukaangalia mgeni anavyopokelewa utajua kwa nini hawarudi, wala hutahitaji kuambiwa.

Kwa asiyejua skiti nieleze haraka haraka. Unapiga kutoka kwenye nusu duara lenye vituo 7, halafu cha 8 kiko katikati. Kushoto kuna nyumba ya juu, sahani inatoka kwenye kimo cha kama mita 3, kulia kuna nyumba ya chini, huko inatoka kama mita 1 tu toka ardhini. Sahani yenyewe ina upana wa milimita 110 na uzito wa gramu 105, kitu cha kukaa kiganjani. Unaita, inarushwa, unatungua. Raundi moja ni sahani 25, na vituo vingine zinakuja mbili kwa mpigo, moja kila upande. Sahani inapita njia ileile siku zote, kinachobadilika ni wewe umesimama wapi. Mchezo ulianzia Andover, Massachusetts huko Marekani kwenye miaka ya 1920, bwana mmoja Charles Davies na wenzake walikuwa wanajinoa kwa ajili ya kuwinda ndege, wakawa wanapiga kwa kuzunguka duara zima kama mishale ya saa, mpaka jirani akaanzisha ufugaji wa kuku upande wa pili na marisau, zile punje zinazotoka kwenye risasi ya shotgani, yakawa yanamwangukia, ndo ikabidi wakate duara nusu. Kuku wakashinda.

Sisi tunapigia kwenye shamba la mtu kule Mufindi. Usifikirie uwanja wa Olimpiki jamani, nyumba ya juu ni nguzo za mlingoti na mabati, mashine ni za springi za kuvuta kwa mkono, na mwezi wa saba asubuhi ukungu unakaa mpaka saa nne, unasubiri tu na kikombe chako. Wageni wetu wengi sio matajiri wala watalii, ni wakulima wa Ismani, wa Mafinga, wa Njombe, watu wenye shotgani yenye kibali kwa sababu ya nguruwe pori na ngedere shambani, kasikia kuna watu wanashindana akasema ngoja nikaone. Huyu mtu bunduki anaijua. Kaishika miaka. Sasa anafika na shotgani yake ya mtutu mmoja, kitako kimefungwa waya, anakuta wazee wana bunduki za mitutu miwili inayokaa juu na chini zinang'aa, vizibao vya kupigia, miwani ya rangi ya chungwa, na hakuna hata anayemwambia kaka karibu. Anasalimia kamwene, watu wawili wanaitikia, wengine wanaendelea na stori zao.

Kwa hiyo cha kwanza, apangwe mtu mmoja wa kumpokea. Mmoja, sio kamati. Na apangwe kabla, sio mgeni akifika ndo mnaanza kutazamana. Huyo ndo atakayempigia simu siku moja kabla amkumbushe abebe kibali, risasi azibebe vipi, aingilie njia gani akitokea barabara kuu. Suala la kibali wala halina utani, kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kwetu asiye na kibali hashiki bunduki ya mtu hata kwa kupigia picha. Lakini si lazima akae tu kama yuko msibani, mpeni karatasi aandike pointi, akae jirani na anayevuta kamba ya mashine, raundi mbili tu atakuwa ameshaelewa sahani zinavyotembea kuliko wewe ulivyoelewa mwaka wako wa kwanza.

Usalama uelezwe kabla ya chochote, na uelezwe kwa sauti ya kawaida. Bunduki inakaa imefunguliwa na tupu mpaka umesimama kituoni na zamu ni yako. Mdomo wa bunduki unaangalia uwanjani, basi. Risasi ikigoma kulipuka usigeuke kumuuliza mtu, baki ulivyo, elekeza mbele, mwenyeji anakuja. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ni baada, sio kabla, na hapa namwangalia mtu fulani ambaye anajijua. Nimeshuhudia mzee anamfokea mtu mzima mbele za watu kwa sababu kageuka na bunduki iliyofungwa, na mzee alikuwa na haki kabisa kwenye hoja yake, ila yule baba wa watu alikuwa hajaambiwa na mtu yeyote, akaifungua bunduki, akaiweka kwenye gari, akawasha, akaondoka. Hajaonekana tena. Mtu akikosea kwenye usalama unamsimamisha hapohapo, hilo halina mjadala, lakini unamsogelea, unamwambia yeye, sio unaliambia shamba zima.

Sasa tuje kwenye kupiga, maana hapa ndo tunawapoteza wengi zaidi.

Wengi tunamwanzishia mgeni kituo cha 1 kwa sababu eti ndo mpangilio wa raundi. Kituo cha 1 nyumba ya juu sahani inatokea juu ya kichwa chako kwa nyuma, inakupita kama imerushwa na mtu anayekudai, mgeni anaruka kidogo, anapiga hewa. Inafuata ya pili. Anapiga hewa. Akifika kituo cha 4, pale sahani inapita mbele yako kwa ubavu na inabidi upige mbele yake kama mita 1 hivi hewani ambapo hakuna kitu, ameshakata tamaa, na hiyo ni nusu ya uwanja tu. Mpelekeni kituo cha 7, nyumba ya chini. Pale sahani inatokea pembeni yake na kwenda mbele moja kwa moja karibu kwenye mstari wa mtutu, mtu aliyezoea kumlenga ngedere anaivunja ya kwanza au ya pili. Apige pale hata sahani kumi, aone lile vumbi jeusi linavyotawanyika hewani, acheke mwenyewe. Halafu ndo mnasogea cha 6 taratibu. Raundi kamili ya 25 ikisubiri mpaka safari ijayo hakuna kitakachoharibika.

Mimi nilipokelewa hivyohivyo na mzee mmoja aliyestaafu mashamba ya chai, Mungu ampe afya. Akanipeleka cha 7, akatoa mfukoni risasi zake mwenyewe, zile nyepesi za gramu 24, akaniambia za kwako ziache kwenye begi, zile ni za nguruwe. Akasimama nyuma ya bega langu la kulia. Nilipokosa hakusema kitu. Nilipokosa tena hakusema kitu. Nikavunja, akasema 'haya'. Baadaye sana, tumeshafika cha 5 na nakosa mfululizo, ndo akatamka sentensi moja tu, 'mkono usisimame', kwa sababu nilikuwa naifuata sahani vizuri halafu nikifika kuvuta triga naisimamisha bunduki, na ukisimama wewe sahani haisimami, marisau yote yanapita nyuma yake. Siku ile nzima sikuambiwa kingine.

Linganisha na tunachofanya sasa hivi. Mgeni anakosa, nyuma yake kuna wanaume watano mikono mfukoni, mmoja 'nyuma!', mwingine 'juu!', mwingine 'shavu halijagusa kitako!', mwingine 'mguu wa kushoto mbele!', wa tano anasimulia alivyopiga 24 mwaka juzi. Na mara nyingine wote wako sahihi, hiyo ndo mbaya zaidi. Hakuna binadamu anayeweza kurekebisha mguu, shavu, mkono na macho kwa sekunde moja ambayo sahani iko hewani. Aliyepangwa kumpokea ndo peke yake anaongea, na aongee jambo moja kwa kituo, wengine mkiwa na cha kusema mwambieni yeye pembeni. Nimelisema hili kwenye kikao, wakaniambia najifanya mjuaji, sawa tu.

Kuna mambo mawili lakini ambayo mwenyeji lazima ayaangalie kabla ya risasi ya kwanza. Moja ni bega. Shotgani nyepesi ya mtutu mmoja na risasi nzito za kuwindia inapiga teke balaa, mtu akipiga ishirini za hivyo kesho yake hanyanyui jembe, na mkewe hatamruhusu kurudi. Risasi za gramu 24 zenye marisau madogo ya milimita 2 zinatosha kabisa kwa sahani, ndo uzito huohuo wanaotumia Olimpiki. Kama hana, mkopesheni boksi moja, kama zinaingia kwenye bunduki yake. La pili ni jicho. Mwambie anyooshe mikono yote miwili mbele, aunganishe viganja abakize katundu kadogo, aangalie nguzo ya nyumba ya juu kupitia kale katundu akiwa amefumbua macho yote. Halafu afumbe la kushoto. Kama nguzo bado ipo, jicho kuu, yaani linaloongoza kulenga, ni la kulia, hongera. Kama imepotea na yeye anapigia bega la kulia, atakosa siku nzima na hatajua kwa nini, na nyie mtamwambia 'nyuma, nyuma' mpaka jioni. Dawa ya haraka ni kipande cha selotepu kwenye kioo cha kushoto cha miwani, pale anapopitishia jicho kuangalia mtutu. Macho yote yanabaki wazi ila la kulia ndo linaongoza. Miwani yenyewe ni lazima kwa kila mtu na vya kuziba masikio pia, kwa hiyo mwenyeji awe na pea za akiba kwenye gari.

Kuna wakongwe wanaogopa, hili wengi hawalisemi hadharani. Wanaogopa wakimfundisha mtu vizuri atawapita. Vincent Hancock wa Marekani ana dhahabu nne za Olimpiki za skiti, 2008, 2012, 2020 na 2024. Kule Paris 2024 aliyemfuata akachukua fedha ni Conner Prince, Mmarekani mwenzake ambaye Hancock mwenyewe ndo anamfundisha. Wamesimama fainali moja, mwalimu na mwanafunzi, kila mtu anamtungulia mwenzake pointi, mwalimu kashinda kwa jasho. Na mwanafunzi wake mwingine, Austen Smith, akapata shaba kwa wanawake. Sasa wewe wa Mafinga unaficha nini?

Na tukigusa wanawake, akija dada msimkabidhi bunduki ya mtoto na kumwita 'mrembo' kila sentensi. Barcelona 1992 skiti ilikuwa ya mchanganyiko, wanaume na wanawake pamoja, na dhahabu akaichukua Zhang Shan wa China, hatua ya mchujo kavunja 200 kati ya 200. Olimpiki iliyofuata wanawake hawakuwa na skiti kabisa, mpaka Sydney 2000 ndo wakapewa yao. Wa kwetu aliyeanza mwaka jana ana duka la pembejeo Makambako na sasa hivi kuna wazee wanaangalia ratiba kwanza wasipangwe naye kundi moja. Wazee nao wasijione wamechelewa, Abdullah Al-Rashidi wa Kuwait alichukua shaba ya Tokyo akiwa na miaka 57.

Siku ya mashindano mgeni asipangwe kundi la wanaopigania nafasi. Sio dharau, ni kwamba wale wana haraka na kimya chao kinatisha. Mchanganye na watu wawili wapole na mwenyeji wake, asiwe wa kwanza kupiga, awe wa tatu au wa nne ili aone wenzake wanavyosimama na wanavyoita. Akitoka na 6 kati ya 25 zisomwe kama za wengine, bila kicheko na bila ile huruma ya 'umejitahidi mama', isomwe tu sita, afuatie mwingine. Watu wazima wanajua kuhesabu.

Hela pia iongelewe mapema. Kuna mtu aliwahi kumaliza kupiga ndo anaambiwa sahani ni shilingi kadhaa, mchango wa chai kadhaa, wa mashine kadhaa, akatoa zote huku anatabasamu, na lile tabasamu kila mtu aliliona lilivyo. Kwetu sasa hivi siku ya kwanza sahani ni juu ya wenyeji, tunachangiana, na safari ya pili analipa kama sisi. Yule wa mtutu mmoja ambaye hawezi kupiga zile za kuja mbili tunampigisha moja moja mpaka atakapopata bunduki nyingine, akitaka. Wengine hawataki, wanapenda hivyohivyo, na kuna babu mmoja wa Kalenga na mtutu wake mmoja anazivunja za kituo cha 4 kuliko wenye mitutu miwili.

Kama we ndo mgeni na umesoma mpaka hapa, njoo na koti zito, viatu vilivyofunika vidole, kibali chako, na usinunue chochote kipya kwanza. Ukifika uliza nani amepangwa kukupokea. Wakianza kutazamana, we nenda tu kakae kwa anayevuta kamba, huyo huwa hana maneno mengi.