TV ya 4K, boksi la 8K na picha bado ukungu: maswali yenu na majibu

Maswali ya safari hii karibu yote yanalia kilio kimoja, mtu katoa hela yake kwenye TV au boksi la kustrimu alafu picha haiji kama alivyoahidiwa dukani. Nimechukua machache yanayofanana na ya wengi, twende nayo moja moja.

Habari mkuu, nipo Mbagala. Kariakoo nimeonyeshwa boksi la Android limeandikwa 8K Ultra HD, RAM GB 16, memori GB 256, bei chini ya laki. Pembeni kuna Xiaomi TV Box S, RAM GB 2, memori GB 8, na bei iko juu zaidi. Si bora nichukue lile kubwa?

Kaka, usilichukue, nakuomba kabisa.

Hiyo 8K imeandikwa kwenye kasha tu. 8K ya kweli ni doti 7680 kwa 4320, yaani mara nne ya 4K ambayo ni 3840 kwa 2160, na chipu zinazowekwa kwenye maboksi ya bei hiyo, mara nyingi Allwinner au Rockchip za daraja la chini kabisa, mwisho wake ni 4K na hapo zenyewe zinahema. RAM nayo usiiamini hata ukiingia kwenye setingi ukaiona imeandikwa GB 16, maana wanaoyatengeneza wanaweza kuibadilisha namba kwenye programu ikasoma wanavyotaka, mafundi wanayafungua wanakuta ndani GB 1 au 2.

Sasa kubwa zaidi ni leseni. Netflix na wenzake hawaleti picha nzuri kwa kila kifaa, kuna ulinzi unaitwa Widevine na una madaraja, kifaa chenye L1 ndo kinaruhusiwa HD na 4K, chenye L3 Netflix inakuachia 480p basi, yaani picha hafifu, hata uwe na TV ya inchi 75 na intaneti ya mkuki. Maboksi mengi ya bei chee ni L3. Na hata L1 yenyewe haitoshi, Netflix lazima wawe wamekipitisha hicho kifaa kwa jina lake.

Kwahiyo pale pale dukani mwambie jamaa aliwashe, tena liunge na hotspot yako. Angalia skrini ya kwanza: ukiona imekaa kama tablet, na ili ubonyeze kitu lazima uwashe mshale kwenye rimoti uuburuze kama mauzi ya kompyuta, hiyo ni Android ya simu imewekwa kwenye boksi. Fungua Netflix, kama inakuja ile ya kwenye simu, rudisha. Ukiweza shusha apu inaitwa DRM Info, shuka mpaka kwenye Widevine usome daraja. Muuzaji anayejua mzigo wake ni mzuri hawezi kukukatalia dakika tano.

Na kuna hili ambalo linaniuma kuliko picha mbovu. Januari 2023 mtaalamu wa usalama wa mitandao wa Kanada, Daniel Milisic, aliweka hadharani kwamba boksi aina ya T95 alilonunua lilikuja na programu ya kihalifu humo humo ndani tangu kiwandani. Juni 2025 FBI ya Marekani ikatoa tahadhari juu ya mtandao wa vifaa vilivyoambukizwa unaoitwa BADBOX 2.0, na vifaa vya kustrimu vya namna hii vimo. Wanachofanya wahalifu hao ni kupitishia mambo yao kwenye intaneti ya nyumbani kwako, bando linaisha hujui linaenda wapi, na boksi hilo limekaa kwenye waifai ile ile unayofungulia benki na pesa za simu. Watoto wamo humo ndani wanaangalia katuni. Mi hiyo siwezi kumshauri mtu hata kama ni bure.

Hiyo Xiaomi usiione ndogo. GB 2 zinatosha kwa sababu kazi ya kufungua video inafanywa na sehemu maalum ya chipu, haiitegemei RAM sana. Inacheza 4K ya fremu 60 kwa sekunde, na ile ya kizazi cha 2 ya 2023 ina Dolby Vision, yaani teknolojia ya kukoleza mwanga na rangi, tena inasoma mpaka AV1, namna mpya ya kubana video ambayo YouTube na Netflix wanaitumia sana siku hizi. Kasoro yake ni hiyo memori ya GB 8, usiijaze maapu.

Niko Nakuru. TV yangu ni 4K, boksi ni original, nalipia Netflix kila mwezi, lakini picha haiko clear vile naona kwa duka. Shida ni wapi?

Anza na kifurushi chako cha Netflix, maana 4K iko kwenye Premium peke yake. Standard inaishia 1080p na Basic 720p, na watu wengi hawajui hilo mpaka waambiwe.

Kama ni Premium, angalia tundu la HDMI ulilochomeka. TV nyingi, hasa za miaka kadhaa nyuma, sio matundu yote yanapitisha 4K yenye ulinzi, kuna kitu kinaitwa HDCP 2.2 na pengine kiko kwenye tundu moja au mawili tu, soma maandishi madogo pembeni ya tundu. Alafu kuna setingi ambayo TV nyingi zinatoka kiwandani ikiwa imezimwa: Samsung wanaiita Input Signal Plus, LG ni HDMI Ultra HD Deep Colour, Sony ni Enhanced format. Iwashe kwa lile tundu lenye boksi. Kebo nayo, ukiwa na ile ya zamani ya kwenye king'amuzi itakupa 1080p vizuri ila ukipanda 4K ya fremu 60 yenye HDR (mwanga na rangi pana zaidi) picha inakatika katika au kioo kinakuwa cheusi sekunde mbili kinarudi, tafuta kebo yenye lebo ya Premium High Speed, mita 2 zinatosha.

Na hiyo video ya dukani isikusumbue, inachezwa kwenye fleshi, imetengenezwa mahsusi kuonyesha rangi, na TV imewekwa kwenye modi ya mwanga mkali. Nyumbani weka modi ya Cinema au Filmmaker, siku ya kwanza utaona kama imefifia, subiri jicho lizoee.

Stiki yangu ikicheza video za kawaida iko poa, nikiweka 4K inajizima inawaka upya. Nimeichomeka USB ya nyuma ya TV. Imekufa?

Haijafa, ina njaa ya umeme. USB ya kawaida ya TV, ile 2.0, kwa kiwango chake inatoa miliampea 500, stiki nyingi za 4K zinataka ampea 1 na kuendelea. Video ndogo inavumilia, chipu ikianza kufanya kazi kweli umeme hautoshi, inaanguka. Tumia adapta iliyokuja nayo uchomeke ukutani. Kama ilipotea, chaja nzuri ya simu ya volti 5 ampea 2 inafaa kabisa.

Sisi tunatumia bando la simu, hotspot. 4K inakula kiasi gani? Mume wangu anasema hamna tofauti, mi naona GB zinayeyuka. Dodoma.

Dada, macho yako yako sahihi. Netflix wenyewe wanasema 4K inaweza kula mpaka GB 7 kwa saa, HD mpaka GB 3 kwa saa, ubora wa kati kama GB 0.7 na wa chini GB 0.3. Piga hesabu: filamu ya saa mbili kwa 4K ni GB 14, kwahiyo bando la GB 10 linakata kabla filamu haijaisha, wakati kwa ubora wa kati GB 10 hizo hizo ni zaidi ya saa 14.

Tatizo ni kwamba boksi halijui kama upo kwenye bando, likiona spidi ipo linavuta kubwa. Fanya mambo mawili. Ingia kwenye akaunti ya Netflix kwa brauza ya simu, sio kwenye TV, chagua profaili, tafuta Playback settings, weka Medium, na ufanye hivyo kwa kila profaili maana ya mmoja haimgusi mwingine. Alafu kwenye boksi lenyewe, setingi za Display, shusha rezolusheni kutoka 4K mpaka 720p au 1080p, hapo YouTube mara nyingi nayo inaacha kuvuta 4K kwa sababu inaona kioo hakihitaji. YouTube ndo ya kuichunga zaidi, mtoto akiacha video zinajiendesha zenyewe mpaka usiku hamna bando litakalobaki, zima autoplay.

Na mwambie shemeji kwa heshima zote, kama mnakaa mita 3 kutoka kwenye TV ya inchi 43 tofauti ya 4K na 1080p hataiona kirahisi, kwahiyo mnalipia kitu ambacho jicho halikipokei.

Nina muvi nzuri kwenye fleshi, TV inatoa picha ila haina sauti. Nyingine kubwa haikubali hata kukopi. Morogoro.

Haya ni matatizo mawili tofauti.

Sauti kwanza. Faili lako linaelekea lina sauti ya aina ya DTS. Samsung waliiondoa DTS kwenye TV zao kuanzia modeli za 2018, LG nao modeli za 2020 mpaka 2022 hazina, kwahiyo picha inakuja sauti kimya na wengi wanakimbilia kwa fundi spika. Kwanza bonyeza setingi za sauti wakati muvi inacheza uone kama kuna treki nyingine, AAC au AC3, ichague. Kama hamna, chomeka fleshi kwenye boksi la Android badala ya TV, weka apu ya VLC au Kodi, hizo zinaifungua DTS zenyewe zinapeleka TV sauti ya kawaida.

Kukopi: fleshi yako iko kwenye fomati ya FAT32, ambayo faili moja haliruhusiwi kufika GB 4 hata kama fleshi ni ya GB 64 na iko tupu. Ifomati kuwa exFAT kwenye kompyuta, ila hamisha kwanza vitu vyako vyote maana ukifomati vinafutika. TV za zamani zinaweza kuikataa exFAT, hapo jaribu NTFS.

Na ikitokea kinyume, sauti ipo picha hamna, hiyo ni kodeki, yaani namna video ilivyobanwa. Video nyingi za 4K zimebanwa kwa H.265, iliyotoka 2013, ambayo kwa ubora ule ule faili linakuwa karibu nusu ya H.264, lakini TV za kabla ya hapo haziifahamu. Boksi litakusaidia hapo pia. Tena niseme, hii ya kuchezesha kutoka kwenye fleshi au hadidiski haigusi bando hata kidogo, na picha ya faili zuri inaizidi ya kustrimu.

Nimefunga faiba ya Mbps 30, spidi kwenye simu naiona, lakini boksi linazunguka zunguka. Ruta iko chumbani, TV sebuleni. Arusha.

Spidi sio tatizo, Netflix kwa 4K wanataka Mbps 15. Tatizo ni njia ya kutoka chumbani kuja sebuleni. Umepima spidi umekaa karibu na ruta? Nenda nyuma ya TV pale pale boksi lilipo, pima hapo, namba itakwambia ukweli.

Waifai ina masafa mawili. 2.4 GHz inapenya ukuta vizuri ila imejaa, majirani wote wamo, na nyumba za kupanga zilizobanana ndo usiseme. 5 GHz ina nafasi na spidi ila ukuta wa tofali za block na nondo unaikata. Ushauri wangu hamisha ruta ije sebuleni, mwambie aliyekufungia akuongezee waya, au vuta kebo ya LAN, ule waya wa intaneti, kutoka chumbani mpaka kwenye TV, upitishe juu ya dari, hiyo ukishaifunga umesahau. Xiaomi niliyoitaja juu haina tundu la LAN, itabidi uongeze adapta ya USB, Google TV Streamer ya 2024 inalo tayari.

Boksi likiwa na LAN ya Mbps 100 usihofu, kwa kustrimu inatosha na inabaki. Inakuja kubana tu kwa anayevuta faili zito lililotolewa kwenye diski ya 4K Blu-ray kutoka kompyuta ya ndani, maana diski hizo zinaweza kupanda mpaka Mbps 128.

TV yangu ni inchi 32. Ninunue kifaa cha 4K?

Inchi 32 nyingi zina doti 1366 kwa 768, 4K haitaonekana. Chukua stiki ya 1080p iliyopitishwa na Netflix. Kama una mpango wa kubadilisha TV mwakani hivi, hapo nunua ya 4K kabisa, itashusha picha yenyewe iendane na kioo.

Mimi ni mama wa Tanga, mwanangu yupo Muscat anataka kuniletea kifaa cha TV, ananiuliza nataka kipi. Mi napenda tamthilia na mawaidha YouTube, mambo ya kuhangaika na rimoti siyawezi.

Shikamoo mama. Kama mfuko wa mwanao unaruhusu, mwambie Apple TV 4K, inadumu miaka, haina matangazo kwenye skrini ya kwanza, umeme wake ni volti 100 mpaka 240 kwahiyo wa kwetu haiusumbui. Ila akumbuke kununua kebo ya HDMI, ile ya 2022 haiji nayo kwenye kasha. Kama anataka ya bei nafuu, Google TV Streamer au hiyo Xiaomi, na hizi unabonyeza kitufe cha kipaza sauti unataja jina la shehe, video zake zinakuja.

Fire TV Stick 4K Select, iliyotoka 2025, asikuletee hiyo, haitumii Android, ina mfumo mpya wa Amazon unaoitwa Vega, na apu nyingi ambazo watu wa huku huziingiza wenyewe haziingii. Na kabla hajapanda ndege akuwekee akaunti yako ya Google kabisa na YouTube aione inafungua, kikifika Tanga unachomeka tu na kuandika neno la siri la waifai.