Gari la Kale la Kwanza: Je, Breki Zibadilishwe?

Maswali ya safari hii yametoka kwa wasomaji wanaokaribia kununua gari lao la kwanza la kale, na kwa wengine ambao wameshalinunua na sasa wanaingiwa na mashaka kila wanapofika kwenye mteremko. Nimeyapanga kwa kufuata njia ya mnunuzi, kuanzia ukaguzi hadi uamuzi wa kubadilisha breki, uamuzi ambao kwa maoni yangu watu wengi huuchukua mapema mno.

Swali: Nimepata magari mawili ya aina moja. Moja lina injini iliyofanyiwa ukarabati lakini chini limeliwa na kutu. La pili bodi yake ni nzima, ila injini inatoa moshi na breki hazishiki kabisa. Nichukue lipi?

Jibu: Chukua la pili, na ulipakie kwenye lori badala ya kuliendesha. Injini na breki ni vitu vya kufungua kwa spana, kutengeneza mezani na kurudisha mahali pake, lakini kutu iliyoingia kwenye vizingiti vya chini ya milango, kwenye sehemu za kupigia jeki na pale springi zinaposhikana na bodi imeshambulia mifupa ya gari, hasa kwa magari yasiyo na chasisi ya peke yake. Pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa chembamba kwenye sehemu za chini za bodi, nayo ikikataa kushika, ujue kwamba unatazama puti, yaani rojo gumu la kuzibia mashimo, na si bati. Inua mazulia, kwa sababu rangi mpya inayong'aa haisemi lolote kuhusu sakafu. Tena breki zilizokufa kabisa zina faida yake: zinakupa hoja ya kupunguziwa bei, na zinakulazimisha kuzitengeneza zote kwa pamoja badala ya kuziba tundu moja leo na jingine mwezi ujao.

Swali: Muuzaji anasema breki zimeshughulikiwa juzi tu. Nitathibitishaje?

Jibu: Mwombe risiti inayotaja vipuri vilivyowekwa, kwa maana "kushughulikiwa" kunaweza kuwa ni kuongeza mafuta tu. Kisha, gari likiwa limesimama, kanyaga pedali kwa nguvu na uishikilie kwa nusu dakika hivi. Ikizama polepole ilhali hakuna mafuta yanayovuja popote nje, raba za ndani ya masta silinda, pampu inayosukuma mafuta ya breki unapokanyaga pedali, zimechoka na zinaruhusu mafuta kupita. Ikishuka sana mara ya kwanza kisha ikapanda unapokanyaga mara ya pili, pengo kati ya brekishuu (vipande vinavyobana) na dramu (kikombe cha chuma kinachozunguka na gurudumu) limekuwa kubwa na linahitaji kurekebishwa. Ikinesa chini ya mguu, kuna upepo ndani ya mfumo, au hozi, yaani mipira ya kupitishia mafuta ya breki, zimezeeka na zinatanuka. Kwa gari lenye busta, kifaa kinachotumia nguvu ya injini kuusaidia mguu wako, zima injini, kanyaga mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, iendelee kukanyagwa huku unawasha injini. Inatakiwa ishuke kidogo, na isiposhuka busta haifanyi kazi.

Baada ya hapo chungulia upande wa ndani wa kila gurudumu kutafuta unyevu unaotiririka kwenye tairi, kisha chini ya masta silinda, mahali ambapo mafuta ya breki yanayovuja huibabua rangi mpaka bati likabaki wazi. Liendeshe polepole kwenye barabara tupu uone kama linavuta upande mmoja linapopunguza mwendo. Ukirudi, sogeza mkono karibu na kila rimu bila kuigusa: gurudumu lenye joto kuliko mengine lina breki isiyoachia. Mara nyingi mkosaji ni hozi ya mpira ambayo kwa nje inaonekana nzuri kabisa, lakini ndani imevimba, ikawa inapitisha mafuta unapokanyaga na kuyazuia yasirudi unapoondoa mguu. Mafundi wengi hufungua wili silinda, silinda ndogo ya kwenye gurudumu inayozisukuma brekishuu, na kusumbuka nayo bure kabla ya kuitazama hozi hiyo.

Swali: Gari langu lina breki za dramu kwenye magurudumu yote manne. Rafiki zangu wananiambia ni hatari. Wana haki?

Jibu: Wana haki nusu. Dramu iliyo katika hali nzuri na iliyorekebishwa vyema ina uwezo wa kuyafunga magurudumu kwa mkanyago mmoja, na gurudumu likishafunga, kinachoamua gari litasimama wapi ni tairi na barabara. Kwa hiyo katika kusimama kwa ghafla mara moja, kutoka mwendo wa kawaida, breki za diski, ambazo pedi mbili hubana sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, hazitakupa nafuu kubwa kama watu wanavyodhani. Udhaifu wa dramu hujitokeza pale breki inapotumika mfululizo. Joto hukusanyika ndani ya dramu iliyofungwa, dramu yenyewe hupanuka na kuzikimbia brekishuu, msuguano wa bitana (utando unaofunika brekishuu) hupungua, na pedali inazidi kwenda chini huku gari likizidi kukataa kutii. Diski iko wazi kwenye hewa, na ikipata joto haiondoki kwenye pedi zake.

Ndiyo maana diski zilipata sifa zake kwenye mashindano. Jaguar C-Type zilizoshinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1953 zilikuwa na breki za diski, na madereva wake waliweza kuchelewa kupiga breki kuliko wapinzani, saa baada ya saa. Mwaka 1955 Citroën DS ikatoka kiwandani ikiwa na diski za mbele, lakini watengenezaji wengi hawakuona haja ya kuharakisha: Mini ya mwaka 1959 ilianza na dramu pande zote, na hata MGB ya mwaka 1962 iliyopewa diski mbele iliendelea na dramu nyuma.

Jambo ambalo rafiki zako hawakulitaja ni mwendo. Nguvu ambayo breki inapaswa kuigeuza kuwa joto huongezeka kwa mraba wa kasi, hivi kwamba gari linalokwenda kilomita 110 kwa saa lina nguvu karibu mara mbili ya lile linalokwenda kilomita 80. Gari lililoundwa kwa ajili ya mwendo wa zamani, likipelekwa kwenye barabara kuu ya leo likiwa limejaa watu na mizigo, linaombwa kitu ambacho hakikuwamo katika hesabu za waliolichora.

Swali: Kwa hiyo nibadilishe za mbele ziwe diski, au niache?

Jibu: Kwanza zirudishe zilizopo katika uzima wake kamili, uendeshe kwa muda, ndipo uamue. Nasema hivi kwa sababu wengi wanaolalamikia dramu hawajawahi kukanyaga dramu nzima. Wamekanyaga brekishuu zilizolowa mafuta, dramu zilizokwanguliwa hadi zikavuka kipimo kilichoandikwa na kiwanda, na virekebishio vilivyoganda kwa kutu. Weka hozi mpya, raba au wili silinda mpya, bitana zilizosuguliwa mpaka zikalingana na mviringo wa dramu, mafuta mapya, na upepo utolewe wote. Usisahau matairi. Tarakimu nne zilizo ubavuni mwa tairi husema juma na mwaka wa kutengenezwa, yaani 2317 ni juma la 23 la mwaka 2017, na tairi lenye kashata nzuri lakini lililokauka kwa uzee litaifuta kazi yote ya breki uliyoigharimia.

Ukishafanya hayo, jiulize gari linaenda wapi. Kama ni matembezi ya mwisho wa juma katika barabara tambarare, dramu zinatosha, na mimi ningeziacha. Kama unashuka milima, unavuta tela, umeweka injini yenye nguvu zaidi, au unalitumia gari kila siku katikati ya magari ya kisasa yanayosimama ghafla mbele yako, basi diski za mbele ni matumizi mazuri ya fedha.

Ukiamua kubadilisha, badilisha mfumo na si kipande. Dramu nyingi za mbele hupangwa hivi kwamba mzunguko wa gurudumu wenyewe huivuta brekishuu ijibane zaidi, msaada ambao diski haina. Ukiweka diski bila busta, utashangaa jinsi pedali ilivyokuwa nzito. Kalipa, kibanio kinachozibana pedi kwenye diski, huhitaji mafuta mengi zaidi kuliko wili silinda, kwa hiyo kipenyo cha masta silinda lazima kilingane nazo. Masta silinda ya dramu mara nyingi ina vali inayobakiza shinikizo dogo kwenye mabomba hata ukiwa umeondoa mguu, na vali hiyo ikiachwa kwenye upande wa diski, pedi zitabaki zimegusa na kuchemka. Kalipa pia inaweza kugusa rimu za asili, hasa zilizo ndogo, basi pima kabla ya kulipa. Zaidi ya yote angalia mgawanyo kati ya mbele na nyuma, kwa sababu magurudumu ya nyuma yakifunga kabla ya yale ya mbele, gari hugeuka likatazama lilikotoka.

Njia ambayo ningeitafuta kabla ya kununua seti ya diski iliyotengenezwa na kampuni nyingine ni kuangalia kiwanda chenyewe kilifanya nini baadaye kwa modeli hiyo hiyo. Morris Minor ilipopewa injini kubwa zaidi mwaka 1962, dramu zake za mbele zilitoka inchi 7 zikawa inchi 8. Ford Mustang za mwanzo zilipata diski za mbele kama nyongeza ya hiari. Vipuri vya namna hiyo vimeshapimwa kwa uzito wa gari lako.

Swali: Nimeambiwa gari langu ni la "saketi moja". Maana yake nini?

Jibu: Maana yake ni kwamba masta silinda moja isiyogawanyika hulisha magurudumu yote manne, na bomba moja likipasuka popote, unabaki na breki ya mkono peke yake. Cadillac ilianza kugawa mfumo mara mbili kwenye magari yake ya 1962, na Marekani ikalazimisha jambo hilo kwa magari mapya ya abiria kuanzia 1968. Kama fedha zangu zingetosha badiliko moja tu, ningeweka masta silinda ya saketi mbili na kuziacha dramu mahali pake. Huondoi joto kwa njia hiyo, lakini bomba bovu halitakuacha bila pedali.

Swali: Mafuta ya breki ya silikoni yanafaa?

Jibu: Hayanyonyi maji wala hayaharibu rangi, kwa hiyo yanafaa kwa gari linalolala miezi mingi. Hata hivyo hayachanganyiki na mafuta ya kawaida, ambayo chupa zake zimeandikwa daraja la DOT 3, DOT 4 au DOT 5.1; silikoni ni DOT 5 pekee. Kuyaweka bila kusafisha mfumo wote na kubadilisha raba ni kutafuta matatizo, na pedali yake huwa laini kidogo. Kwa gari linalotembea mara kwa mara, DOT 4 inayobadilishwa kila baada ya miaka miwili inatosha.

Swali: Je, diski zitapunguza thamani ya gari?

Jibu: Kwa gari la nadra ambalo wakusanyaji hukagua hadi aina ya bolti, ndiyo. Kwa gari lililotengenezwa kwa wingi, badiliko lililofanywa kwa ustadi halimkimbizi mnunuzi, mradi tu linaweza kurudishwa nyuma: usikate wala usichomelee kitu, na uzifungashe dramu za asili, ukizipaka grisi na kuandika kila moja ilitoka upande gani. Mjulishe mwenye bima kwa maandishi kabla ya kazi kuanza, na uulize kama sheria ya mahali ulipo inataka gari likaguliwe upya.

Swali: Nimefungua dramu nikakuta vumbi jingi jeusi. Nilipulize kwa kompresa?

Jibu: Hapana. Bitana nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, na vumbi lake likivutwa linaweza kuleta saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Vaa barakoa ya kuchuja vumbi laini, lowesha kila kitu kwa maji au dawa ya kusafishia breki kabla ya kugusa, pangusa kwa matambara, kisha uyafunge matambara hayo yakiwa bado mabichi ndani ya mifuko miwili na uyapeleke panapopokewa taka za hatari.