Kwa mwalimu uliyepangwa kuwa jaji wa kwaya na ngoma

Ukiitwa kwa mara ya kwanza kutoa alama za fani za ndani, yaani kwaya na ngoma, kwenye UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, iwe Bahi, Kongwa au hapa Dodoma mjini, utapewa fomu, kalamu na kiti kivulini. Kuhusu Salt Lake City hakuna atakayekuambia, kwa hiyo nikuambie mimi. Mchezo wa kuteleza kwa madaha juu ya barafu, ambao huku kwetu hatuna hata pa kuujaribia, unafanana na kazi yetu kuliko mpira wa miguu. Magoli hayahesabiwi, yapo macho ya majaji tu.

Februari 2002, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi huko Salt Lake City, Marekani, Warusi Elena Berezhnaya na Anton Sikharulidze waliwashinda Wakanada Jamie Salé na David Pelletier kwa majaji 5 dhidi ya 4. Sikharulidze aliyumba alipotua baada ya kuruka. Wakanada hawakukosea popote. Watu wakazomea. Ndipo jaji wa Ufaransa, Marie-Reine Le Gougne, aliposema ameshinikizwa na rais wa shirikisho la nchi yake, Didier Gailhaguet, awabebe Warusi ili Wafaransa nao wabebwe kwenye densi ya barafu. Baadaye akayakana maneno hayo, na Gailhaguet alikana tangu mwanzo. Wote wawili walifungiwa miaka 3, na Wakanada wakapewa dhahabu ya pili.

Angalia shinikizo lilidaiwa kutoka wapi: kwa mkubwa wake mwenyewe. Jaji mgeni hujiandaa kuikataa bahasha, na bahasha kwa kweli haisumbui, unairudisha tu. Kinachosumbua ni kiongozi wa msafara wenu anayekusogelea wakati wa chai: "Mwalimu, jirani zetu watatupa ngoma, sisi tuwasaidie kwenye kwaya." Inasikika kama ujirani mwema. Ndiyo biashara ileile ya Salt Lake City.

Mimi hujikinga hivi: kundi likimaliza tu, naandika alama kwa wino kabla sijainuka wala kumsemesha mtu. Chai baadaye.

Kuna watakaokushauri majina ya majaji yafichwe ili wasishinikizwe. Wenzetu wa barafu walijaribu. Mwaka 2004 waliachana na alama zao za zamani zilizoishia 6.0, wakaanza kuhesabu kila mruko na kila mzunguko peke yake, huku wakificha nani katoa alama ipi. Mchumi Eric Zitzewitz alipozichambua alama hizo, hakuona upendeleo kwa wachezaji wa nchi ya jaji ukipungua. Mwaka 2016 shirikisho lao la dunia likakubali kuacha usiri huo. Kwa hiyo saini fomu yako kwa jina kamili, linalosomeka.

Kugawa alama vipande vipande, hapo walipatia. Ngoma ya Wagogo ikiingia uwanjani, mshindo wa ngoma za muheme na njuga utakuchukua, uandike alama kubwa kila mahali, hata kwenye ujumbe ambao hukuusikia. Sikiliza sauti peke yake, kisha miguu, kisha maneno. Na shule yenye jina kubwa isipewe alama kabla haijafungua mdomo. Hili nimeliona mara nyingi kuliko rushwa, na anayelifanya hulala usingizi mzuri kabisa.

Jambo la mwisho ni undugu. Kwenye Olimpiki ya Sochi, Urusi, 2014, Mrusi Adelina Sotnikova alipompita Yuna Kim wa Korea Kusini, mmoja wa majaji alikuwa Alla Shekhovtseva, mke wa kiongozi wa shirikisho la Urusi. Korea Kusini ikalalamika, malalamiko yakatupwa, na watu wanabishana hadi leo. Kama kwaya inaimba na mwanao yumo, au mwalimu wake ni shemeji yako, omba upangiwe fani nyingine. Omba kabla ratiba haijabandikwa. Ukisubiri asubuhi ya mashindano utaambiwa unakwepa kazi.