Mna akaunti ya 529 na mtoto kaanza chuo? Soma kabla hamjatoa hela

Wazazi wenzangu mlioko Marekani, hasa nyie ambao mtoto wa kwanza ndo kaanza chuo, naandika hii kwa sababu kila msimu wa kodi nakaa na ndugu na marafiki tunajaza ritani (fomu za kodi ya mwaka) na naona hela za watu zinapotea hivi hivi.

Mkitoa hela kwenye 529, yaani akaunti ya kuweka akiba ya masomo, mwanzoni mwa mwaka unaofuata inakuja fomu 1099-Q inayoonyesha mlichotoa, na chuo nacho kinatoa 1098-T inayoonyesha ada. Watu wakiiona 1099-Q wanashtuka, wanadhani kiasi chote cha boksi la 1 ni kipato. Sio hivyo. Boksi la 3 ni hela mliyoweka wenyewe, haitozwi kodi tena, boksi la 2 ndo faida, na hata hiyo faida kama matumizi halali ya mwaka huo yamefikia kiasi mlichotoa basi haiingii kwenye ritani kabisa, mnatunza fomu na risiti basi.

Matumizi halali ni ada, vitabu, kompyuta, intaneti, na kama mtoto anasoma angalau nusu ya mzigo wa kawaida wa masomo basi na malazi na chakula. Akipanga nje ya chuo kodi ya nyumba inahesabika pia ila isizidi kiwango ambacho chuo chenyewe kimekadiria, kwahiyo tafuta hicho kiwango kwenye tovuti ya chuo ukichapishe. Nauli ya ndege kuja likizo hapana, bima ya afya hapana. Na 1098-T haionyeshi chakula wala pango la nje, usiitegemee peke yake.

Sasa hapa ndo nataka mnisikilize vizuri. Kuna krediti ya kodi, yaani hela inayokatwa kwenye kodi yenyewe mnayodaiwa, inaitwa American Opportunity, hadi dola 2,500 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kwa miaka minne, na kuipata yote mnahitaji dola 4,000 za ada na vitabu ambazo HAZIJALIPWA na hela ya 529, maana gharama moja haihesabiwi mara mbili. Tuseme ada ni 10,000 na malazi na chakula 6,000, jumla 16,000. Msitoe 16,000, toeni 12,000, ile 4,000 ilipeni mfukoni au hata kwa mkopo wa mwanafunzi. Na kama mmeshatoa zote? Bado daini krediti. Tuseme faida kwenye boksi la 2 ni 4,000, ile 4,000 ya krediti ikiondolewa kwenye matumizi, robo ya hela mliyotoa inakuwa imezidi, kwahiyo robo ya faida yaani 1,000 ndo inatozwa kodi ya kawaida, ile adhabu ya asilimia 10 haiwahusu kwa sababu ziada imetokana na krediti. Kodi inayokatwa kwenye hiyo faida ya 1,000 ukilinganisha na krediti ya 2,500 jamani! Ila angalieni kipato, krediti inaanza kupungua kwenye 80,000 kwa aliye peke yake na 160,000 kwa mke na mume wanaojaza pamoja, ikifika 90,000 na 180,000 haipo.

Skolashipu isiyolipiwa kodi mnaitoa kwenye gharama kwanza.

Kitu kingine ni tarehe. Hesabu ni Januari mpaka Desemba, haifuati mwaka wa masomo, na bili ya muhula wa pili mara nyingi inakuja Desemba. Ukilipa Desemba halafu ukatoa hela ya 529 Januari umeshavuruga mambo, lipa na utoe ndani ya mwaka mmoja. Na hela ikitumwa moja kwa moja chuoni au kwa mtoto, 1099-Q inakuja kwa jina lake, hivyo hata ikitokea kuna faida ya kutozwa inakuwa ya kwake, mara nyingi kwa kiwango cha chini.

Mtoto akiacha somo na chuo kikarudisha hela, mna siku 60 tangu irudishwe kuiweka tena kwenye 529 ya huyo huyo mtoto, hakikisheni haikai tu kwenye akaunti yenu ya benki mpaka muda ukapita.