Umesoma Plato, sasa umepewa klasi ya manesi

Pole ndugu, hiyo nimeipitia. Unasema umesoma wanafalsafa Wagiriki kama Plato tupu na sasa unafundisha manesi maadili ya tiba, saa nane mchana wanasinzia tu, na bado unataka hapo hapo upate utafiti wa masters. Wagiriki usiwatupe! Mimi huanza na kiapo cha Hippocrates, yule tabibu wa Ugiriki ya kale, nawaprintia ukurasa mmoja, wanaona daktari anaapa kwa Apollo na kuahidi kutunza siri za mgonjwa, halafu nawauliza ni wapi mgonjwa ameombwa ruhusa. Hakuna. Hapo ndio klasi inaamka, juzi mmoja akasimulia mama aliyesainishwa fomu ya opareshoni iliyoandikwa kwa Kizungu bila kuelewa hata mstari, tukabishana mpaka saa ikaisha, slaidi hata sikufungua.

Kwa utafiti msome Odera Oruka, marehemu mwanafalsafa wa hapa Chuo Kikuu cha Nairobi, yule aliyekuwa anahoji wazee wenye hekima vijijini. Lakini usianze kuhoji wagonjwa kienyeji, tafuta kwanza kibali cha kamati ya maadili, kisha leseni ya utafiti ya NACOSTI, ile tume ya sayansi ya serikali ya Kenya, na anza mapema juu hizo karatasi huzunguka. Na mwanafunzi akilia darasani, hutokea, usijifanye mshauri nasaha, mpeleke kwa mwenye kusomea.